Mzee Dirisha Achagua Kabati la Zana

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, mtunza stoo ya zana wa karakana yetu ya pampu anastaafu. Jina lake kamili litasomwa siku ya sherehe, kwenye cheti. Sisi tunamjua kama Mzee Dirisha, kwa sababu wengi wetu tumemwona kuanzia kifuani kwenda juu tu, nyuma ya lile dirisha la wavu anapotolea zana. Fundi mmoja mgeni alikutana naye kantini akampita kama hamjui, na alipoulizwa akasema hakutegemea kumwona akiwa na miguu.

Alikuja hapa kijana, akiomba kazi ya saidia fundi. Siku hiyo mtunza stoo wa wakati huo alikuwa mgonjwa, na msimamizi akamwomba kijana ashikilie dirisha kwa wiki mbili. Mgonjwa alipona, akapata kazi kwingine, na wiki zile mbili ndizo zinazokwisha mwezi huu.

Stoo aliyoikuta ilikuwa vurugu tupu. Bisibisi zililala pamoja na misumari, na aliyehitaji spana aliambiwa aingie ajitafutie mwenyewe. Kijana alichora ukutani umbo la kila zana, akaitundika juu ya mchoro wake, ili isiporudi jioni pengo lionekane tangu mlangoni. Akaweka na sheria moja: zana hairudi na grisi. Katika hilo hakuwa na mkubwa wala mdogo. Meneja mmoja aliwahi kuazima jeki ikasahaulika kwenye buti la gari lake. Mzee Dirisha akampelekea salamu kwamba jeki inaulizwa. Meneja akaileta mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa, na akarudishwa nayo akaifute kwanza.

Jambo jingine linalojulikana ni maswali yake. Ukirudisha spana alitaka kujua pampu ilikuwa na tatizo gani, ulianza kufungua wapi, nati iligoma au ilikubali. Ukiwa na njaa, mazungumzo hayo yalikuwa marefu mno. Tulisema ni umbeya wa mtu anayeshinda peke yake, na wengine tulizoea kurudisha zana huku tumeshageuka nusu, tayari kuondoka.

Mara tatu aliomba kuhamia upande wa ufundi. Mara mbili wakubwa walimpiga danadana, wakamwambia asubiri apatikane wa kumrithi. Mara ya tatu walimsifu mbele ya watu wote, wakasema stoo bila yeye itakufa, kisha badala ya uhamisho wakamletea kiti kipya chenye mto. Hakuomba tena. Kiti kile bado kipo, na mto wake umebonyea katikati.

Kamati ya kumuaga ilikuwa ya watu watatu: dereva wa pikapu, mama wa mapokezi, na mimi, fundi wa mota. Tulikubaliana upesi kumnunulia kabati la zana lenye magurudumu, kwa kuwa tulisikia nyumbani kwake kuna karakana ndogo kwenye chumba cha nyuma. Tulitaka kumshtukiza, ila mama wa mapokezi akatukumbusha kwamba mtu aliyeishi na zana maisha yake yote hachaguliwi kabati na dereva. Basi tukaenda naye dukani.

Sisi macho yetu yalikwenda moja kwa moja kwenye kabati kubwa jekundu, refu, droo nyingi, linang'aa. Dereva alishaanza kulipapasa. Mzee Dirisha akatoa mfukoni kamba aliyopewa na mkewe, yenye mafundo mawili. Urefu kati ya mafundo hayo ulikuwa upana wa mlango wa uani, na mama huyo alishaonya kwamba lisilopita hapo lisitegemee kupitia sebuleni kwake. Jekundu lilizidi fundo kwa vidole vitatu. Hata hivyo aliomba litolewe nje. Mule dukani, kwenye vigae, kila gurudumu ni zuri, alisema, lakini yeye nyumbani ana kokoto. Lilipofika kwenye kokoto, vile vigurudumu vidogo vya plastiki vilizama na kabati likasimama kama punda aliyechoka.

La pili lilikuwa la bati jepesi, la bei ya kuvutia. Akavuta droo mbili za juu kwa pamoja. Kabati likainama mbele, na kama nisingelidaka lingemwangukia mama wa mapokezi. Akamweleza muuza duka kwa upole kwamba kabati zuri halikubali droo mbili za juu kutoka mara moja, maana kuna siku mtu atakuwa na haraka.

La tatu lilikuwa la kijivu, fupi, droo nne pana, na juu limefunikwa ubao. Magurudumu yake yalikuwa makubwa ya mpira, mawili yana breki. Akaomba droo ya chini ijazwe vyuma vizito, kisha akaivuta kwa kidole kimoja, ikaja taratibu mpaka mwisho wa reli. Halafu akanigeukia, akaniambia nisimame pale karibu na kabati. Akatazama ubao uliponifikia kiunoni, akaridhika. Alisema binti yake ana kimo kama changu.

Hapo ndipo tulipojua kwamba karakana ni ya binti. Amesomea ufundi, anatengeneza pampu na vyerehani vya mtaa mzima, na ndiye aliyemwambia baba yake akistaafu waungane.

Kabati la kijivu lilikuwa na kasoro moja tu, mpini wa kusukumia ulilegea. Muuza duka alimpa Mzee Dirisha bisibisi akaze. Mzee aliipokea, akaigeuza, akanikabidhi mimi. Nikakaza. Tulikwishalipa na kutoka ndipo nikajiuliza ni lini nilipata kumwona mtu huyu akikaza kitu chochote. Sikukumbuka hata siku moja.

Njiani, tukiwa tumebanana kwenye pikapu, alizungumza bila kuulizwa. Alisema binti yake anadhani baba yake ni fundi, kwa vile ametoka karakana kila jioni tangu hajazaliwa. Hakumdanganya, ila hakupata pa kuanzia kumweleza. Sasa anaogopa. Anaogopa kushika spana mbele ya mtoto wake, mikono ya miaka sitini ishindwe, na mtoto kwa heshima amwambie, basi baba, acha tu.

"Nimewapa watu spana tangu ujana wangu," alisema. "Sijui uzito wake ikishakamata nati."

Mimi nilifikiria maswali yale yote ya dirishani na nikaona haya. Kumbe alikuwa anasoma, na darasa lenyewe lilikuwa sisi tuliosimama tumegeuka nusu.

Jumamosi iliyopita tulipeleka kabati. Lilipita mlango wa uani likibaki na nafasi ya kiganja, na mke wake akakunja ile kamba kwa fahari kuliko sisi sote. Chumba cha nyuma ni safi, kina dirisha moja kubwa na meza ya mbao yenye makovu ya misumeno. Binti alikuwa na pampu ya jirani mezani. Mzee Dirisha alifunga breki, akapanga spana kwenye droo ya juu kuanzia ndogo kwenda kubwa, bisibisi kwenye droo ya pili, koleo kwenye ya tatu. Kisha akasimama pembeni ya kabati, mikono nyuma, kama alivyosimama siku zote.

Binti aliomba spana. Akapewa kabla hajamaliza kutaja namba. Akaomba nyingine, akapewa. Sisi tukatazamana tukitabasamu, tukaona mambo yamenyooka, baba na mtoto wamepatana. Binti hakutabasamu. Alifuta mikono, akaizunguka meza, akamrudishia baba yake ile spana.

"Baba, sikukuita hapa unipe spana. Nilikuita ufungue."

Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hajawahi. Binti akamjibu kwamba analijua hilo. Mama yake alishamwambia siku nyingi.

Basi akaivalisha spana kwenye nati, akavuta, na akavuta upande usio sahihi. Nati ikazidi kukaza. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwenda kumsaidia, na binti akanizuia kwa jicho moja tu. Yeye mwenyewe hakugusa kitu. Alimwacha baba yake asimame, afikirie, ahamishe mguu, avute upande wa pili. Nati ikagoma. Akavuta tena, shingo imemkaza, na ikakubali kwa ule mlio mdogo ambao mafundi tunaufahamu. Mzee Dirisha alibaki ameishika spana. Mimi nililia, na sioni aibu kuliandika. Dereva alisema ni vumbi la humo chumbani, chumba nilichokwisha kusema ni safi.

Kilichofuata ni kwamba mama wa mapokezi alifungua mkoba atoe hotuba fupi ya kamati. Mzee Dirisha, ameshainama kwenye nati ya pili, akatuomba radhi tusogee mlangoni, maana tunamziba mwanga.

Mzee wetu, asante kwa kila ulichotukabidhi mkononi, na kwa kila swali tulilojibu kwa haraka. Kama bado una mengine, njoo nayo siku yoyote. Safari hii tutakaa chini. Tunakuombea afya, tunakuombea binti asiyepungukiwa na subira, na jioni nyingi za kurudi sebuleni ukigombezwa na mama kwa sababu ya grisi.