Asteria Clemence Mjema, Aliyeugua kwa Ajili ya Wanafunzi

Baba Paroko, wazee wetu, walimu na wanafunzi wa chuo, majirani na nyote mliostahimili jua hili la Same kuja kumzika mama yetu, walionizidi umri shikamooni. Mimi ni Rodrick, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi hii ambayo ningependa aifanye mwingine, maana nimechoka.

Marehemu Asteria Clemence Mjema alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 katika kijiji cha Maore, akiwa wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Clemence Mjema na bibi Redempta, ambao wote wametangulia, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akaishia darasa la saba, siyo kwa kukosa akili bali kwa kukosa nafasi. Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya bweni hapa Same, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2009, na waliokula kwa mkono wake wanajua kwamba asiyemwamkia alipewa ukoko. Tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa na Anold Kiondo wa Lembeni, fundi wa reli, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Jenifer na Erasmo. Baba alitutoka mwaka 2011.

Mwaka 2015 chuo kilitafuta wagonjwa wa kuigiza, ili wanafunzi wa tiba ya viungo wajizoeze kabla ya kuwashika wagonjwa wa kweli, naye akajitokeza, akafundishwa kulegeza mkono na kuburuza mguu kama mwenye kiharusi, na kwa miaka minane akawa anaugua kila Jumanne asubuhi, mchana anarudi nyumbani mzima kabisa na kuinjika makande. Mwanafunzi aliyemshika kabla ya kumsalimia alirudishwa mlangoni aanze upya. Kila mwisho wa mwaka wanafunzi waliandika maoni yao, mwalimu akamsomea, na wengi walisema kwamba kwake hawakuogopa kukosea, lakini mmoja aliandika kwamba mgonjwa huyu hachoki, hufanya kila anachoambiwa, na wodini mambo siyo hayo. Mama alinuna wiki nzima, akasema mtoto huyo hana adabu.

Tarehe 2 Machi 2023 alipatwa na kiharusi cha kweli, upande wote wa kulia. Mwezi wa kwanza alijitahidi, kisha akaanza kukataa mazoezi, akawa anageukia ukutani, na mimi niliyekuwa namwinua asubuhi na jioni nilimwambia kwamba ni mvivu, kwamba mbona chuoni aliweza. Alilia. Kwa shida, neno mojamoja, alituambia kwamba yule mwanafunzi alisema kweli, kwamba miaka yote hiyo amewaonyesha watoto wa watu mgonjwa asiyekuwepo, akaomba apelekwe chuoni wamwone alivyo.

Nilikataa kwa karibu miaka miwili, kwa kuona aibu mama yangu atazamwe akidondokwa mate. Mwezi uliopita nilikubali, siku ikapangwa, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, yaani jana, naye akafariki dunia Jumamosi tarehe 8, saa kumi alasiri, kwa kiharusi cha pili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na chakula, wapishi wenzake, na walimu wa chuo. Nanyi wanafunzi, nawashukuru kwa kuja, na kwa kuwa niliwanyima somo lake, nalisema mimi: mgonjwa wa kweli huchoka, hukasirika, hukataa, na huyo siyo mvivu, msije mkamwambia nilichomwambia mimi.

Mama, umechoka, na safari hii hakuna anayekubishia. Pumzika kwa amani.