Ndugu wa Ziwa Moja

Bi Mwanakhamis hakukusudia kusikiliza, lakini wazee wawili waliokaa mbele yake kwenye gari ya abiria ya kwenda mjini Chake walikuwa wakigombana kama wako shambani peke yao.

"Figo ninazo mbili, moja nakupa," alisema Mzee Duni. "Huyo daktari ataka nini tena?"

"Ataka ndugu wa damu," alijibu Mzee Jaribu, uso umemvimba kwa maradhi. "Wanachelea watu wasije wakauziana. Weye si ndugu yangu."

"Si ndugu! Alipokufa mama'ngu, nani kaninyonyesha kama si mama'ko?"

"Maziwa si damu, Duni."

Bi Mwanakhamis alikiona kituo chake kikipita, akakiacha kipite.

"Hewalla," alisema Duni. "Nilipotaka kumuoa dada'ko Mwanawema, shehe alinikatalia kwa maziwa hayo hayo. Sasa yeye kafiwa na mume, nami sina mke. Kama si ndugu, jioni naja kumposa."

"Astaghfirullah!" Jaribu aliruka kitini. "Dada'ko huyo!"

"Haya! Kamwambie daktari vivyo hivyo."

Gari ikasimama. Duni alitangulia kushuka, akampa mwenziwe bega, wakaelekea hospitali wamekumbatiana, bado wakigombana.