Zdravka Kehayova na Mbawakawa wa Theluji

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulinda msitu wa Kamen Dol, Bi Zdravka Kehayova anastaafu tarehe 31 Januari. Sisi walinzi wenzake tumeombwa tuandike jambo la kuchangamsha. Tutajaribu.

Alianza akiwa mlinzi mwanamke pekee katika milima yetu ya Rodopi. Padre wa kijiji hajasahau Krismasi aliyokamatwa na msonobari begani: Zdravka alimpokonya shoka, akambusu mkono kwa heshima, kisha akamrudisha msituni kupanda miche mpaka jua likazama.

Lakini aliyempenda kuliko wote ni mdudu. Bondeni kwetu kuna mbawakawa mweusi, mdogo kama punje ya mchele. Wadudu wengine wakilala, yeye ndiyo kwanza anatoka. Hutembea juu ya theluji kutafuta mwenza, kisha huzama kutaga mayai chini ya majani makavu.

Januari iliyopita mkuu wetu wa hifadhi aliruhusu tingatinga lipasue bonde hilo, wageni wapate njia ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Zdravka alipopinga, aliambiwa mbele ya watu kwamba wadudu hulala wakati wa baridi, hata mtoto wa chekechea anajua.

Kesho yake alisimama mbele ya mashine. Dereva, Rangel, alichungulia dirishani.

“Shangazi, sogea. Nitakuumiza bure.”

“Shuka kwanza uone unachokanyaga.”

Rangel alishuka akinung'unika. Mbawakawa walikuwa wametapakaa pale, wengine wawili wawili, wengine wamepondwa kwenye alama za minyororo. Alichuchumaa, akawatazama, akapanda kuzima injini.

“Mimi hapa sipiti,” alisema. “Wamtafute mwingine.”

Hakupatikana mwingine. Nusu ya bonde ilikwisha haribiwa, nusu ikapona. Rangel alifukuzwa. Zdravka akaamriwa astaafu kabla ya wakati wake, eti kwa sababu za afya. Afya gani? Juzi alipanda mlima ule akatuacha sote tukihema.

Majira haya mbawakawa wametoka tena, upande uliopona. Upande wa pili theluji ni tupu.

Leo mkuu huyo huyo atamkabidhi saa ya ukutani na kumsifu kwa uadilifu wake. Hatuoni aibu kuandika kwamba tumekasirika.

Zdravka, asante. Tunakuombea miguu yenye nguvu na jiko lisilozimika. Makofi ya leo ni yako peke yako; anayekukabidhi saa hatutampigia hata moja.