Mkalimani Aliyekunywa Maji Kwanza

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa fundi viatu, katika mji wa mpakani, ndiyo maana alizijua lugha mbili kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati.

Alisoma hapo hapo mpakani, akahitimu chuo cha lugha mwaka 1972, akaajiriwa wizara ya mambo ya nje kuwa mkalimani, akajitungia desturi kwamba mkubwa akimtukana mgeni, yeye hunywa maji kwanza, taratibu, kabla ya kutafsiri, ili mkubwa apate nafasi ya kujirudi, na wengi walijirudi, wenzake wakambandika jina la Mzee wa Maji, naye akalipenda kuliko cheo.

Alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa dada yangu, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, na mimi, na jamani, zile Jumapili dada alipokuja na wanawe, baba akiwatania wajukuu kwa lugha zote mbili mpaka mama anatutimua jikoni, nazililia hadi leo.

Baba alistaafu mwaka 2009, kisha ukaja uchaguzi, bei zimepanda, mkuu wa nchi akasema jukwaani kwamba majirani wa ng'ambo ndio wanaotunyang'anya riziki, umati ukashangilia, akanogewa, akaahidi kuufunga mpaka, na baba mbele ya runinga akasema yule sasa hawezi kujirudi, makofi yameshamfunga, na kweli wizara ikabaki kutafuta sera ya kufanana na makofi, nao mpaka ukafungwa.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka jana, kila mlango wa wodi ulipofunguliwa alimwulizia dada, tukaomba kibali cha dada kuvuka mpaka, tukanyimwa, lakini hakukubali tuwatukane watu wa ng'ambo, akafariki asubuhi ya tarehe 9 mwezi huu, macho yake mlangoni.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa wizarani waliohangaikia kile kibali bila mafanikio. Simu iliyo juu ya jeneza iko hewani, dada anatusikia. Dada yangu, aliyekuwa akisubiriwa ni wewe, kwa hiyo maneno ya kumtakia baba usingizi mwema siyasemi mimi. Mwambie wewe, kwa lugha yoyote, sote tumenyamaza.