Usizime, Inafikiria: Daktari Mbithe Nyamai Anastaafu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika Idara ya Fizikia ya chuo chetu hapa Tawa, Daktari Mbithe Nyamai atarudisha funguo za maabara na kwenda kwao Migwani. Anaondoka na cheo kilekile alichopewa mwaka wa tatu wa kazi: mhadhiri. Sababu yake inafaa kuelezwa.

Kazi yake ilikuwa kukokotoa nguvu inayoshikilia chembe zilizo ndani ya protoni. Hesabu hiyo haiwezekani kwa kalamu. Nafasi na wakati hugawanywa kuwa nukta, nukta zikaunganishwa kama wavu, kisha kompyuta hupitia wavu huo kiungo kwa kiungo, mara maelfu kwa maelfu. Alianza na kompyuta nne za mtumba. Leo ni kumi na mbili. Kwenye swichi alibandika karatasi: “Usizime. Inafikiria.” Aliyezima siku moja ili apate pa kuchomeka birika ndiye anayeandika haya. Hesabu ya wiki tatu ilipotea. Daktari hakugomba, aliomba kikombe, akasema chai ya bei hiyo ingewekwa basi hata tangawizi.

Mwaka wa 2014 jarida moja la ng’ambo lilikubali matokeo yake, na barua ya kumpandisha kuwa mhadhiri mwandamizi ikaanza kuandikwa. Wiki hiyo, kwenye mkutano wa idara, alikuwa akisuka kiondo, kikapu cha uzi, chini ya meza kama kawaida yake. Ghafla akainuka, akatoka. Tulidhani amechoshwa na ajenda ya vyoo. Kumbe alikuwa ameitazama mikono yake. Uzi wa kiondo ukimaliza mzunguko haurudi ulipoanzia, hupanda mstari wa juu. Katika hesabu yake, mstari ukifika ukingoni ulipaswa kurudi mwanzo wa mstari uleule. Alikuwa ameandika programu nzima kama msusi wa viondo: kila mstari ulihamia ule wa juu yake.

Tofauti ilikuwa ndogo, na wahakiki hawakuiona. Angeweza kunyamaza. Jioni hiyohiyo aliliandikia jarida liondoe makala yake, na barua ya cheo ikaishia kwenye faili. Wenzake tulisema amejiponza bure. Leo tunaona aibu.

Alirekebisha programu, akaanza upya kwa wavu mkubwa zaidi. Umeme ukikatika, alisubiri, akaendelea pale alipokuwa amehifadhi. Hesabu sasa imefika asilimia themanini na sita na itakamilika Februari, yeye akiwa hayupo.

Mwezi uliopita lilitolewa pendekezo kwamba chumba cha kompyuta hizo kigeuzwe stoo. Hakuna aliyeliunga mkono. Karatasi ya zamani imefifia, kwa hiyo tumebandika mpya yenye maneno yaleyale na sahihi zetu sote kumi na mmoja. Ya mwandishi iko juu kabisa.

Asante, mwalimu. Pumzika Migwani, suka viondo, na maisha yako yawe mema. Hatuzimi.