Makarius Mapunda, Ambaye Hakumkatisha Mtu Kazi

Makarius Gaspari Mapunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu wa Mzee Gaspari na Mama Kunegunda wa Mfaranyaki. Mama anasema alizaliwa kimya, mpaka mkunga alipomchapa kofi ndipo akalia. Laiti tungejua, tungemfundisha kupiga kelele.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Mfaranyaki na sekondari mjini Songea, kisha akachukua stashahada ya kompyuta Mbeya, akahitimu mwaka 2007.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na shirika lenye ofisi Songea, Mbinga na Tunduru. Alitunza kompyuta za ofisi zote tatu akiwa mezani kwake hapa Songea, bila kumwinua mtu kwenye kiti. Alisubiri wenzake waende kula ndipo aingie kwenye mashine zao kwa mtandao, na yeye akaishia kula wali wa baridi saa kumi. Mara moja tu alikosea. Aliingia kwenye kompyuta ya Bi. Halima wa Tunduru akidhani ametoka. Bi. Halima akaona mshale wa kwenye kioo unatembea wenyewe, akakimbilia nje: "Jamani, mashine ina jini!" Watu wakaanza kusoma dua, mpaka Makarius alipopiga simu: "Shikamoo mama. Jini ni mimi, naondoa virusi." Walicheka wote, lakini yeye aliona aibu, akaapa kutomkatisha tena mtu kazi.

Tarehe 20 Oktoba 2012 alifunga ndoa na Dorine, wakajaliwa Aidan na Notburga. Dorine alikuwa akimuuliza, "Baba Aidan, hao watu wanakujua hata jina?" Naye humjibu, "Wakinijua, ujue kuna kitu kimeharibika."

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Akawa anasafishwa damu hospitali kwa bima ya kazini, na bima hiyo ndiyo iliyokuwa uhai wake. Juni 2024 mkubwa mpya wa ofisi alisema mbele ya watu, "Tangu nifike sijaona kompyuta ikiharibika. Sasa huyu yupo wa nini?" Mkataba ukaisha hivyo. Makarius aliomba wamwachie bima tu. Wakamwambia asubiri kikao, na kikao chenyewe hakijakaa mpaka leo. Bila haya wakaendelea kumpigia simu, naye akawatengenezea mashine zao akiwa kitandani, miguu imevimba. Dorine akilia, "Ziache zizime!" yeye husema, "Watu wako kazini, mke wangu."

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, mchana. Notburga alitaka kukimbia kumwita mama yake, baba akamshika mkono: "Mama anapika. Usimkatishe."

Ameacha wazazi wake, mjane, watoto wawili, na ndugu zake Hilda na Calvin. Bi. Halima yupo nasi. Ametoka Tunduru kwa basi la alfajiri, kamwambia mkubwa wake kwamba kompyuta itamsubiri. Ofisi ya Songea, ambayo ni mwendo wa bodaboda tu kutoka hapa, haina mtu msibani. Walipiga simu jana kuomba radhi: kompyuta zote zimegoma tangu Jumatatu, hakuna anayeweza kutoka. Kisha wakamuuliza Dorine kama marehemu aliacha maelekezo yoyote.

Hakuacha. Mungu ampokee Makarius wetu, ampumzishe kwa amani, na huko aliko mtu asimkatishe.