Kovu Lililokaa Katikati ya Nguo Mbili

Akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba mliokaa viti vya nyuma kama watu waliokuja kusindikiza tu, amani ya Mungu iwe kwenu. Mchungaji ameniomba niseme jambo ambalo Bwana alinitendea. Nikamwambia, "Baba, jambo lenyewe liko kwenye titi." Akasema, "Mama, Mungu ndiye aliyeliumba. Sema." Basi nasema.

Ilikuwa miaka ya vita. Tulikaa Kanyosha, pembeni mwa mji chini ya milima, mimi, mume wangu, mama mkwe wangu, na binti yetu wa miezi saba. Niliuza ndagala kavu, dagaa wetu wa ziwani, sokoni Jabe, siku ambazo njia ilikuwa wazi. Wakubwa wenzangu mnakumbuka tulivyoishi. Kila mwanamke mwenye mtoto mchanga alijua saa zote nguo ya kumbebea iko wapi. Risasi zikianza milimani, huulizi kitu. Unainama, unamrusha mtoto mgongoni, unafunga nguo, unaondoka.

Wakati huo nilipata uvimbe kwenye titi la kushoto, upande wa chini. Mwanzoni ulikuwa kama punje ya hindi. Nikasema ni maziwa yameganda, nikaukanda kwa maji ya moto. Ukakua ukawa kama kokwa la parachichi, mgumu, unateleza chini ya vidole.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikumwambia mtu. Nilikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama. Niliwawekea wengine mikono, nikafunga kula kwa ajili ya magonjwa yao, na la kwangu nikalificha ndani ya blauzi. Nilijiambia hiyo ni imani. Ilikuwa aibu, nayo ilikuwa imejifunika kitambaa cha imani.

Aliyenifichua ni mama mkwe. Aliona mtoto ananyonya titi la kulia tu.

"Mukazana wangu, mke wa mwanangu," akasema, "hilo lingine unamuwekea nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akapeleka mkono mwenyewe, akaushika uvimbe, akakaa chini.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza, mama."

"Na we unaombea watu wengine."

Asubuhi yake nilimkuta amekwisha kuvaa nguo zake za Jumapili. Tukaenda hospitali kwa miguu, yeye mbele, mimi na mtoto nyuma.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinipima, akasema huenda si ule ugonjwa mbaya, lakini hawezi kuapa mpaka autoe uvimbe na kuupeleka upimwe. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama, ungependa nikate wapi?"

Mimi nilidhani kisu kinapita palipo na ugonjwa, basi. Akanieleza polepole. Anaweza kukata kuzunguka ile sehemu nyeusi ya chuchu. Kovu halitaonekana sana, ila njia za maziwa huenda zikakatika. Anaweza kuingilia kwapani, ingawa njia ni ndefu, na titi lenyewe libaki bila alama. Au akate chini, kwenye mkunjo, pale titi linapokutana na mbavu.

Chuchu niliikataa papo hapo. Maziwa ya kopo hayakuwa yakionekana mjini, na mtoto wangu hakuwa na ghala lingine. Mama mkwe akashika ya kwapani.

"Kwapani, dokta. Titi la mama halikatwi. Watu watasema nini?"

"Wataliona wapi, mama?"

"Siku ya kumuosha, akifa."

Palikuwa na mtawa muuguzi, mtu mzima, anayekunja bendeji pembeni. Akasema bila kuinua macho, "Tunamukata apone, na we umeisha mufikisha kaburini."

Tulicheka sote, lakini nilikubali kwapani. Hofu ya mama mkwe haikuwa sababu. Nilitaka nirudi kwenye maombi nikiwa na titi safi, ili hata mimi nikijitazama nisahau. Mnaona nilivyokuwa? Nilifika mbele ya kisu, na bado nilikuwa natafuta pa kujificha.

Nikapewa kitanda, nikatwe asubuhi inayofuata. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa nangoja kuitwa, mtoto yuko mapajani, mara milio ikaanza upande wa milimani. Sijui mwili wangu ulifanya nini. Nilipopata akili nilikuwa mlangoni mwa korido, mtoto yuko mgongoni, nguo mbili zimefungwa, ya juu na ya kiunoni, na mkononi nimeshika sufuria ya mgonjwa mwingine.

Mtawa akanizuia. "Iko mbali, mama. Tulia. Sufuria iache."

Nikaanza kufungua nguo.

"Apana. Usifungue. Kuja hapa."

Akanipeleka nyuma ya pazia. Akaniambia nivue blauzi, nimfunge mtoto tena vilevile juu ya ngozi. Nikafanya. Akanizungusha kama fundi anayepima gauni. Akafuata nguo ya juu kwa kidole chake: ilitoka mgongoni, ikapita chini ya makwapa yote mawili, ikafungwa kifuani, juu. Akanibonyeza kwapa la kushoto.

"Hapa ndipo unataka wakukate. Kidonda kibichi, nguo inakisugua, na uzito wa mutoto unaivuta. Utakimbia mpaka wapi?"

Akanishika mkono wa kushoto.

"Na huu mukono utauinua namna gani, kumurusha mutoto mugongoni?"

Akamwita daktari. Mtawa mwenyewe akatoa kalamu mfukoni mwake, akachora mstari mfupi chini ya titi, kwenye mkunjo. Nguo ya juu ilipita juu ya mstari ule. Nguo ya kiunoni ilipita chini yake. Hakuna hata moja iliyougusa.

Daktari akainama, akaufuata ule mstari kwa macho. "Nimesoma miaka mingi," akasema, "na hakuna aliyenifundisha nimuulize mama anafungaje mtoto wake."

"Waliokufundisha hawakubeba," mtawa akamjibu.

Wakanigeukia mimi. Wapendwa, hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Nilitazama ule mstari wa wino, nikaona kwamba ningechagua mahali pa kuficha aibu yangu, na mtoto wangu ndiye angeanguka njiani. Nikasema, "Nikateni hapo chini. Na nikirudi nyumbani nitawaambia akina mama wote."

Nikamwuliza mama mkwe, "Na siku ya kuniosha?"

"Kwani nani amesema we utanitangulia?" akasema. "Dokta, kata hapo hapo."

Wakakata, wakautoa, wakanishona. Uvimbe ukapelekwa kupimwa, nasi tukarudi Kanyosha kungoja jibu. Lakini kabla ya jibu, vita vilikuja. Nyuzi zilikuwa zimetolewa siku chache tu nyuma. Nikainama, nikainua mkono wa kushoto, ukapanda. Nikamrusha mtoto, nikafunga nguo ya juu, nikafunga ya kiunoni, tukavuka mji mzima kwa miguu hadi Buterere kwa dada ya mume wangu. Tulifika mchana, tope la mashamba ya mpunga likiwa magotini.

Nikakaa chini ya ukuta, nikafungua nguo kwa woga, nikatazama. Kovu lilikuwa kavu. Halikufunguka hata kidogo. Mtoto alikuwa analia kwa kiu. Nikampa titi la kushoto, lile nililomnyima tangu mvua za kwanza. Akavuta, akaacha, akanitazama, akavuta tena. Maziwa yakaja kidogo, kisha yakaja mengi. Nililia mpaka wenyeji wakadhani nimefiwa.

Jibu la vipimo lilitufuata huko huko, limekunjwa mkononi mwa mume wangu, aliyelipitia hospitali: si ule ugonjwa.

Namshukuru Mungu aliyeongoza kalamu ile. Namshukuru daktari aliyekubali kufundishwa, na mtawa aliyetazama nguo kabla ya kutazama kisu. Namshukuru mama mkwe, aliyenivua uongo wangu. Alitangulia yeye, kama alivyosema. Nilimuosha kwa mikono yangu, na nilimwambia asante sikioni ingawa hakusikia.

Kwenu nina neno moja. Maombi yasikufunge mdomo. Ukipatwa na uvimbe, ukipatwa na lolote, mwambie mtu kabla ya jua kuzama, kisha uombe. Nimeitimiza ahadi yangu kwa wanawake wengi, na watatu kati yao, walionisikia wakaenda hospitali, wamekaa humu ndani leo. Siwataji.

Binti yule sasa anabeba wa kwake mgongoni. Anafunga nguo mbili, ya juu na ya kiunoni, kama nilivyomfundisha.

Kwaya, amkeni. Mnajua mwanamke wa kwetu anavyocheza mbele za Mungu, mikono imepanda kama pembe za ng'ombe. Mimi ni mzee sasa, magoti yananikatalia. Lakini mikono yote miwili inapanda. Pigeni ngoma, mwone.